Kokoti kwa mboga za bokali Goma: ipi inafaa, ipi inakudanganya

Ukiingia maduka ya vyombo pale Birere utakuta kokoti, yaani sufuria za presha, zimepandana toka sakafuni: za alumini, za inoksi, za India zenye kizito kinachopiga filimbi, za umeme zenye vitufe. Muuzaji atakuambia, "Mama, zote kazi yake ni moja." Kwa maharagi na kwa nyama ya ng'ombe iliyozeeka, hatubishani naye. Lakini wapo wanaozinunua kwa kazi nyingine: kufunga karoti, njegere na maharagi mabichi ndani ya bokali (chupa za kioo za kuhifadhia chakula) ili yakae miezi kabatini, maana friji bila umeme ni kabati la kawaida tu. Kwa kazi hiyo jibu linabadilika, na Goma linabadilika zaidi kuliko Matadi au Kinshasa, kwa sababu ya kimo cha mji.

Uhakiki huu unahusu kazi hiyo peke yake. Tunaangalia sufuria ya kawaida ya maji yanayochemka, kokoti ndogo ya jikoni, kokoti ya umeme, na sufuria mbili za Marekani zilizotengenezwa kwa ajili ya bokali, Presto ya kwati 23 (kwati ni karibu lita moja) na All American 921. Swali ni moja kwa zote: je, katikati ya bokali panafika joto la kuua kinachotakiwa kufa?

Kinachotakiwa kufa ni spora za kidudu kiitwacho Clostridium botulinum. Kinaishi kwenye udongo, kwa hiyo karoti ya Kibumba, hata ukiisugua kwa maji matatu, inaingia jikoni nazo. Spora ni kidudu kikiwa kimelala ndani ya gamba gumu, na maji yanayochemka hakiyaogopi. Kikiwekwa mahali penye unyevu, pasipo hewa, pasipo uchachu wa kutosha, na penye joto la kawaida la nyumba, kinaamka, kinazaana, kinatoa sumu inayokata mawasiliano kati ya neva na misuli. Bokali ya mboga iliyofungwa vizuri ina masharti hayo yote manne. Ndiyo maana ile sauti ya mfuniko ukivutwa ndani, "tap", ambayo watu huifurahia, haithibitishi usalama hata kidogo. Inathibitisha kwamba hewa imetoka, na hilo ndilo kidudu hiki kilikuwa kinalisubiri.

Mpaka wa uchachu unaojulikana ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unaongezeka). Chini ya hapo spora haziamki: matunda mengi, achari za siki, nyanya zilizoongezewa asidi. Juu ya hapo ziko karoti, maharagi mabichi, njegere, mahindi, viazi, bitiravu, uyoga, lengalenga na maharagi makavu yaliyopikwa. Kijiko cha chumvi kwenye bokali ni cha ladha tu, hakilindi kitu.

Mwaka 2015, mjini Lancaster, jimbo la Ohio, watu 29 waliugua baada ya chakula cha pamoja cha kanisa, na mmoja akafariki. Chanzo kilikuwa saladi ya viazi vilivyofungwa nyumbani, bokali zikachemshwa kwenye maji ya kawaida. Huko Marekani, mboga za kufungwa nyumbani ndizo zinazoongoza kwa kusababisha milipuko ya botulizimu, yaani ugonjwa wa sumu hiyo, na kosa ni lile lile: mboga isiyo na uchachu, joto la maji tu.

Sasa hesabu ya Goma. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mji uko juu ya ziwa; chukua mita 1,500. Kwa kimo hicho hewa inakandamiza kwa kilopaskali (kPa) 85 hivi badala ya 101 za pwani, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95. Hata ukiongeza makala mpaka mbabula iwe nyekundu, maji hayatapita nyuzi 95. Yatakauka haraka tu. Kokoti inaongeza presha juu ya ile ya hewa, na namba unayoikuta imechapwa kwenye mfuniko au chini ya kitako, mara nyingi 80 kPa, ni ile nyongeza. Pwani, 80 juu ya 101 inatoa nyuzi 117. Goma, 80 juu ya 85 inatoa nyuzi 114. Miongozo ya wizara ya kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo tunayoifuata kwa sababu muda wake umepimwa mboga kwa mboga na bokali kwa bokali, inadai nyuzi 116 au zaidi.

Nyuzi mbili zinaonekana kidogo. Si kidogo. Kwa spora hizi, kila nyuzi 10 zinazopungua zinadai muda mara kumi. Nyuzi mbili zikikosekana, dakika 20 zinapaswa kuwa zaidi ya 30, na hakuna jedwali lolote lililopimwa kwa hali hiyo. Unabaki kukisia, na bahati mbaya kosa la kukisia hapa halionekani kwa macho.

Sufuria ya kawaida

Kwa mboga zisizo na uchachu: hapana, hata kwa saa nyingi. Vitabu vingi vya jikoni vya Kifaransa vilivyobaki kwenye nyumba zetu vinaandika saa moja na nusu kwa nyuzi 100 kwa maharagi mabichi. Nyuzi 100 yenyewe haipatikani Goma kwenye sufuria ya wazi. Kwa makadirio ya Wamarekani, maji yanayochemka yangehitaji saa 7 hadi 11 kufanya kazi ambayo mvuke wa presha unaimaliza kwa dakika 20 hadi 100. Ukifika hapo mboga imekuwa uji na gunia la makala limeisha. Kuna kazi ambayo sufuria hii inaifanya vizuri sana, nayo ni nyanya na achari, tutaifikia.

Kokoti ndogo ya jikoni

Igeuze kabla ya kulipa. Ikiwa imeandikwa 80 kPa, umeshaona hesabu. Ikiwa haina namba kabisa, ichukue kwa maharagi na usiiombe zaidi. Zipo za 100 kPa, hasa zile zenye kizito cha filimbi. Kwa hesabu, hizo zinafika nyuzi 118 hapa kwetu, na mtu anaweza kusema tatizo limekwisha. Halijaisha, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni ukubwa. Muda ulioandikwa kwenye majedwali ulipimwa kwenye sufuria kubwa nzito, inayochelewa kupanda moto na kuchelewa kupoa, na spora zinaendelea kufa wakati huo wote wa kupanda na kushuka. Kokoti ya lita tano inapanda haraka na kushuka haraka, kwa hiyo dakika 20 zake si dakika 20 za sufuria kubwa. Kanuni ya Marekani ni kwamba sufuria isiyoweza kusimamisha angalau bokali nne za kwati moja juu ya wavu, mfuniko ukiwa umefungwa, isitumike kwa kazi hii. Jaribu pale pale dukani kwa bokali tupu. Karibu zote zitashindwa.

Ya pili ni hewa. Hewa iliyobaki ndani ikichanganyika na mvuke, presha inaweza kuwa sahihi huku joto liko chini. Ndiyo sababu mvuke unatakiwa kutoka bure kwa dakika 10 kabla ya kufunga tundu. Kokoti nyingi ndogo zina vali inayojifunga yenyewe mara mvuke unapoanza, na hewa inabaki ndani.

Ya tatu ni kwamba haina saa ya presha, yaani kipimo chenye mshale kinachoonyesha presha ya ndani. Filimbi inakuambia kizito kimeinuka. Haikuambii kama mpira wa mfuniko umechoka na mvuke unapenya pembeni. Mpira uliokauka unaujua kwa kuukunja: ukionyesha mipasuko midogo kama ya ngozi ya kisigino, umekwisha.

Kwa maharagi ya chakula cha jioni, kokoti ya 100 kPa yenye mpira mzuri ni ununuzi mzuri, tunaipendekeza bila kusita. Kwa bokali, iache.

Kokoti ya umeme

Hii ndiyo inayotangazwa zaidi, nyingine zikiwa na kitufe chenye picha ya bokali. Nyingi zinafanya kazi kati ya 70 na 80 kPa, yaani nyuzi 112 hadi 114 Goma, na mpishi hana njia ya kuona presha ya ndani. Ongeza umeme wetu. Kanuni haina huruma: presha ikishuka chini ya kiwango hata kwa dakika moja, unairudisha juu na unaanza kuhesabu upya toka sifuri. Umeme ukikatika dakika ya 18 kati ya 20, kazi yote ni bure. Kitufe chenye picha ya bokali hakibadilishi fizikia.

Presto ya kwati 23

Ni sufuria ya alumini ya karibu lita 22, inabeba bokali saba za kwati, ina saa ya presha juu ya mfuniko na mpira wa kuziba. Lazima iagizwe au iletwe na ndugu. Si ya kutafuta Birere. Ni nyepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja ikiwa tupu, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya All American.

Udhaifu wake ni ile saa. Kwa kimo cha Goma mshale unatakiwa kusimama kwenye ratili 13, sawa na 90 kPa, na saa inaweza kudanganya bila kuonyesha dalili. Inapaswa kupimwa kila mwaka, na ikitofautiana zaidi ya ratili 2 inabadilishwa. Nani ataipima hapa? Badala ya kuhangaika, agiza pamoja nayo kizito chake cha vipande vitatu, namba ya kiwanda 50332, kinachoweza kukaa kwenye 5, 10 au 15. Ukivaa vipande vyote vitatu una ratili 15, yaani 103 kPa, na sufuria inafika nyuzi 118 Goma. Kizito hakihitaji kupimwa. Uzito wake haubadiliki. Usijaribiwe na 10 kwa sababu mapishi ya Kimarekani yanaandika 10: hiyo ni ya watu wanaoishi chini ya mita 300. Hapa kwetu 10 inakupa nyuzi 112 tu.

Agiza pia mpira wa akiba siku hiyo hiyo. Sufuria nzuri isiyo na mpira ni beseni.

All American 921

Alumini nzito ya kumiminwa, lita 20 hivi, karibu kilo 10 ikiwa tupu. Haina mpira kabisa: mfuniko na sufuria vinakutana chuma kwa chuma na kubanwa kwa skrubu sita. Kwa mji ambao kipuri kinaweza kuchukua miezi, hilo peke yake linatosha kutufanya tuipendelee. Ina saa, lakini saa ni ya kuangalia tu. Inayoamua ni kizito chenye matundu matatu, 5, 10 na 15. Tumia 15.

Paka vaselini kidogo kwenye ukingo wa mfuniko, kisha kaza skrubu mbili zinazotazamana kwa pamoja, halafu mbili nyingine. Zunguka sufuria kwa jicho: mwanya kati ya mfuniko na sufuria uwe sawa pande zote. Ukikaza upande mmoja kwanza, mvuke utatoka upande wa pili mpaka mwisho na utalaumu kiwanda.

Kasoro zake ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya Presto, na uzito. Ikiwa na bokali saba na maji inapita kilo 20. Kuiweka juu ya mbabula ya bati yenye miguu mitatu ni kutafuta ajali. Gesi yenye kichomeo kipana, chini kabisa sakafuni, ndiyo mahali pake. Kwa kweli hata kwa Presto tunapendelea gesi: makala yanapungua nguvu katikati ya kazi, na kuongeza makala mabichi kunashusha moto kabla ya kuupandisha, presha nayo inafuata.

Kazi yenyewe

Chukua maharagi mabichi, yale yanayoliwa na maganda yake, karibu kilo moja kwa kila bokali ya kwati. Osha, kata ncha, kata vipande vya sentimita 2.5, chemsha dakika 5. Jaza bila kushindilia, mimina maji yake ya moto, acha sentimita 2.5 tupu juu. Pitisha kisu cha plastiki au kijiti pembeni kutoa mapovu. Futa mdomo wa bokali kwa kitambaa safi, maana hata kipande kidogo cha ganda kinazuia kuziba. Kaza pete ya mfuniko kwa nguvu ya vidole tu. Ukikaza kwa mkono wote hewa haipati pa kutokea na mfuniko unajikunja.

Ndani ya sufuria weka wavu na maji ya moto ya kina cha sentimita 5 hadi 7.5, Presto inataka karibu lita 3. Bokali hazifunikwi na maji, zinapikwa na mvuke. Funga mfuniko, washa moto, acha tundu la mvuke wazi. Mvuke ukitoka kwa nguvu bila kukatika, hesabu dakika 10. Ndipo uweke kizito. Kikianza kucheza, anza kuhesabu: dakika 20 kwa bokali ya painti (nusu ya kwati), 25 kwa ya kwati. Punguza moto, usiache kizito kinyamaze. Cha All American kinatakiwa kutikisika mara 1 hadi 4 kwa dakika. Cha Presto kinayumba taratibu bila kusimama.

Muda ukiisha zima moto na uondoke. Hapa ndipo mazoea ya jikoni yanatuumiza, kwa sababu kila mtu anajua kumwagia kokoti maji ya baridi ili ifunguke haraka. Kwa bokali usifanye hivyo, wala usiinue kizito. Presha ikishuka ghafla maji ya ndani ya bokali yanavutwa nje, yanapita chini ya mfuniko na kuacha mabaki kwenye mpira wake, na vioo vinaweza kupasuka. Halafu unakuwa umefuta ule muda wa kupoa ambao jedwali liliuhesabu. Subiri presha ifike sifuri yenyewe, ondoa kizito, subiri dakika 10 nyingine, fungua mfuniko ukiuelekeza mbali na uso. Bokali zikae juu ya kitambaa saa 12 hadi 24 bila kuguswa. Bokali ambayo mfuniko wake haukuzama inapelekwa kwenye friji na kuliwa mapema, au inarudiwa kwa mfuniko mpya ndani ya saa 24.

Muda wa mboga nyingine kwa presha hiyo hiyo: karoti dakika 25 kwa painti na 30 kwa kwati; njegere 40 kwa zote mbili; mahindi ya punje 55 na 85; majani kama spinachi 70 na 90; maharagi makavu yaliyolowekwa na kuchemshwa 75 na 90. Angalia kwamba painti ni mililita 473 na kwati ni 946, wakati bokali za Ulaya ni za nusu lita na lita. Ya nusu lita ihesabie muda wa kwati. Ya lita kamili, na zaidi ya hapo, iache.

Sombe (majani ya muhogo) hatuipi muda wowote, na tunaomba asitokee mtu wa kuupa. Majani yaliyotwangwa yanakuwa tope zito, joto linatambaa ndani yake polepole, na mawese yanafanya mambo yawe magumu zaidi. Majedwali yanazungumza juu ya majani mazima yaliyo ndani ya maji, ambayo yanazunguka na kubeba joto. Sombe iliyotwangwa iliwe siku yake au igandishwe. Kwa sababu hiyo hiyo usiongeze maizena wala unga kwenye mchuzi kabla ya kufunga. Uongezee siku ya kula. Uyoga tunashauri ukaushwe, na ule wa porini usiingie kwenye bokali hata kidogo.

Bokali na vifuniko

Muda wote tulioutaja ulipimwa kwa bokali za Kimarekani zenye mfuniko wa vipande viwili, pete na kisahani. Kisahani kinatumika mara moja. Pete na kioo vinarudiwa. Le Parfait, yenye kibano cha chuma na mpira wa rangi ya chungwa, ni kioo kizuri sana na tunaipenda kwa achari na matunda, mradi mpira ubadilishwe kila mara. Kwa mboga za presha haina jedwali lake katika miongozo hiyo ya Marekani. Bokali za mayonezi zinazouzwa tupu sokoni ni za kuwekea chumvi na karanga: kioo chake hakikutengenezwa kwa presha ya kurudiarudia, na mfuniko wake, ukishafunguliwa mara ya kwanza, hauna tena uhakika wa kuziba.

Kinachofaa kwa sufuria ya kawaida

Nyanya ziko karibu kabisa na mpaka wa 4.6, nyingine zinauvuka, hasa zilizoiva kupita kiasi. Kwa hiyo kila bokali ya kwati inaongezewa nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, au vijiko 2 vya mezani vya maji ya limau ya chupa ya kiwandani. Painti inapata nusu ya hapo. Uchachu wa limau la mti haufanani toka moja hadi jingine, ndiyo maana tunataja la chupa. Nyanya zilizopondwa, za moto, zikiachiwa sentimita 1.25 juu, zinachemshwa ndani ya maji yanayofunika bokali: kwa kimo chetu dakika 45 kwa painti, 55 kwa kwati. Nyanya peke yake. Ukichanganya kitunguu, karoti na pilipili hoho umebadilisha uchachu, na muda huo haukuhusu tena. Na magadi, ambayo wengine huweka ili kuua ukali wa nyanya, yanaua kabisa ulinzi wake.

Achari inahitaji siki ya asilimia 5 au zaidi, iliyoandikwa kwenye chupa. Siki isiyo na namba ni ya kuoshea vioo. Kwa kabeji, hali ya hewa ya Goma ni zawadi: gramu 20 hadi 25 za chumvi kwa kilo, ikandamizwe mpaka izame kwenye maji yake, wiki 4 hivi kwa joto la nyumba, bila moto wala presha.

Pilipili ya mafuta nayo tuiseme, maana iko kwenye kila meza. Pilipili mbichi na kitunguu saumu ndani ya mafuta, chupa imefungwa, imekaa dirishani: mafuta yanazuia hewa, na saumu hutoka ardhini na spora zake. Vancouver, mwaka 1985, watu 36 waliugua kwa saumu ya kusagwa iliyohifadhiwa ndani ya mafuta. Itengeneze kidogo, ikae kwenye friji, iishe ndani ya siku 4. Bila friji, tengeneza ya siki na uache mafuta.

Bokali unayoitilia shaka

Mfuniko uliovimba, maji yanayoruka ukifungua, povu, harufu: usionje, hata kwa ncha ya ulimi. Lakini sumu hii mara nyingi haina harufu wala povu. Sumu yenyewe, tofauti na spora, inavunjwa na moto wa kawaida, kwa hiyo mboga yoyote ya bokali ya nyumbani ichemshwe kwenye sufuria kabla ya kuliwa: dakika 10 kwa usawa wa bahari, na moja zaidi kwa kila mita 300, yaani 15 hapa kwetu. Hiyo ni ngao ya pili kwa bokali iliyopikwa sawasawa. Haimrudishi salama aliyefunga karoti kwa maji ya kuchemka.

Ya kutupa isimwagwe mahali kuku au mbwa wanapopita. Ikiwa bado imeziba, ifunge ndani ya mifuko miwili na uitupe. Ikiwa inavuja au imefunguliwa, vaa glavu, ilaze na mfuniko wake ndani ya sufuria, maji yaifunike kwa sentimita 2.5, chemsha dakika 30, kisha tupa vyote. Meza na sinki vipakwe javeli (maji ya klorini ya kufanyia usafi) ya asilimia 5 hadi 6, kipimo kimoja kwa maji vipimo vitano, ikae dakika 30.

Aliyekwisha kula huanza kuona vitu viwili viwili, kope zinaanguka, mdomo unakauka, maneno yanakokoteka, kumeza kunakuwa kazi. Kisha udhaifu unashuka toka usoni kwenda mikononi na miguuni. Mara nyingi ni saa 12 hadi 36 baada ya kula, lakini yaweza kuchelewa siku kadhaa. Homa kwa kawaida haipo na akili iko sawa, ndiyo maana wengine hudhani ni uchovu au ulevi. Mpelekeni hospitali yenye mashine ya kupumulia saa hiyo hiyo, mtamke "botulizimu" mlangoni, na mbebe bokali ikiwa imefungwa ndani ya mfuko.